Herufi za Njano za Mama Jalada

Mtu akipeleka ombi la kuunganishiwa maji huwa anadhani limekwenda kwa wakubwa. Wapi! Limekwenda kwa Mama Jalada, ambaye amelitoboa matundu mawili, amelitia uzi, amelipa namba na kulisukuma mahali pake kwenye rafu huku akilisemesha: "Haya, lala hapa, usinisumbue." Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa masjala ya idara ya maji, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu aliyekuja nyumbani kama mgeni, alimwita Mama Jalada akiwa na haja ya chai.

Masjala yake ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, rafu za chuma pande zote, na mlangoni droo kuu ya kadi. Kanuni yake ilikuwa moja, na aliwahubiria makarani wote waliopita mikononi mwake. Kadi ya jalada, ile inayoonyesha lilipo, haikai ndani ya jalada. Inakaa kwenye droo kuu. Ukiitia kadi ndani ya jalada, siku unapolitafuta jalada utatafuta na kadi yake pia, na hapo utalia. Aliyesahau kanuni hiyo alipangiwa kufuta vumbi rafu za chini wiki nzima.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua pale ofisini ni kwamba Mama Jalada alikuwa haoni vizuri. Si kipofu, la hasha. Watu aliwaona, ngazi aliziona, na migongo ya majalada ilikuwa na namba alizoandika mwenyewe kwa kalamu nene nyeusi, kubwa kama kiganja. Lakini maandishi madogo yalikuwa yameanza kumkimbia. Daktari wa macho alimweleza kwamba nyuma ya jicho pamechakaa, miwani haitasaidia sana, na kwamba aishi na mwanga mzuri na maandishi makubwa. Mama Jalada alishukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi la hospitali akihesabu miaka. Alibakiza miaka miwili kustaafu. Alitaka kuimaliza mle mle chumbani mwake, basi. Hakuomba zaidi.

Halafu akaja Mkuu mpya. Alikuwa kijana mbele ya Mama Jalada, nadhifu, mtaratibu, mwenye kidaftari mfukoni na mdomo usiojua kupaza sauti. Akaleta kompyuta moja ya kugawana, akaiweka kwenye meza ya kaunta nje ya mlango wa masjala: asubuhi masjala, kuanzia saa nane mchana stoo. Akaweka nywila yake mwenyewe ili mtu asiguse mipangilio ya mashine, kwa sababu kompyuta ya mwanzo kule uhasibu iliharibika baada ya mtu kuijaza picha za harusi yake kila kona. Kisha akatangaza, kwa upole uleule, kwamba mwezi ujao atapima kila mtu kwenye kompyuta, na asiyeweza atahamishiwa bohari ya nyuma, kule kunakolala mita mbovu. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia.

Mama Jalada alijaribu. Herufi zilikuwa ndogo kama punje za mtama, na alipomwomba Mkuu azikuze kidogo, bila kusema kwa nini, Mkuu akajibu, "Mama, tukianza kila mtu na yake, tutarudi kwenye harusi." Mama Jalada akacheka naye, akarudi masjala, akafunga mlango, akalia kidogo. Kisha akafuta vumbi rafu ambayo haikuwa na vumbi.

Aliyeambiwa ni mtu mmoja tu, wifi yake, dada wa mumewe, mwenye duka la kutoa fotokopi mitaa miwili kutoka ofisini. Hao wawili hawakuwahi kusalimiana bila kuchokozana.

"Kaka yangu kaniletea kipofu," wifi alisema, halafu akamkumbatia kwa nguvu hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka. Akakivuta kiti. "Sikia, wifi. Mashine ni ya ofisi, sawa. Lakini mfumo unaoiendesha si lazima uwe wa ofisi. Upo unaoitwa Linux. Unaenea kwenye flashi. Unachomeka flashi, unawasha, kompyuta inatii flashi. Herufi unazipanga unavyotaka, zinakaa humo humo kwenye flashi, unatembea nazo. Ukichomoa, mashine inabaki kama ilivyokuwa."

"Hata mipangilio yao siigusi?"

"Unaigusa kwa nini? Wewe unakuja na nyumba yako mgongoni."

Wifi alikuwa na flashi moja nyekundu ya kusimikia mfumo, aliyoitengeneza kutoka kwenye mtandao kwa ajili ya kompyuta zake kuukuu. Akamfundisha jinsi ya kubonyeza kitufe mashine inapoamka ili iangalie flashi kwanza, na jinsi ya kuifanya ikumbuke hivyo siku zote. Akamwandikia hatua kwenye karatasi kubwa, kwa kalamu nene. Mama Jalada akanunua flashi nyingine, nyeusi, fupi kama ukucha, ya kuwekewa mfumo wenyewe.

Jumamosi asubuhi, ofisi ikiwa tupu, alichomeka zote mbili na kuanza. Alisoma maswali ya kioo kwa kioo cha kukuzia alichokishika mbele ya jicho kama fundi saa. Lugha ipi? Saa za wapi? Mfumo uwekwe wapi? Hapo alikuwa makini hasa, maana wifi alimwonya kwamba akichagua diski ya ofisi atafuta kila kitu. Akachagua flashi nyeusi. Akahakiki mara tatu. Mistari ikaanza kupanda, mfumo ukijinakili kidogo kidogo, naye akasubiri akisuka uzi wa majalada.

Karibu na mwisho likaja swali ambalo wifi hakuliandika. Kiwashio, yaani kile kipande kidogo kinachoiambia mashine mfumo uko wapi, kiwekwe kwenye diski ipi? Diski kuu, au flashi?

Mwingine angempigia wifi simu. Mama Jalada alitabasamu. Hili alilijua kuliko wifi, kuliko Mkuu, kuliko waliotengeneza kompyuta. Kitu kinachokuelekeza jalada lilipo hakikai ndani ya jalada! Akachagua diski kuu, akabonyeza, akajipongeza kwa sauti.

Mashine ilipoamka upya, ilitoa orodha fupi, mstari wa kwanza mfumo wake, wa pili ule wa ofisi. Akaingia kwake. Nusu saa baadaye kioo kilikuwa cheusi tititi, na juu yake herufi za njano, nene, kila moja kubwa kama kifungo cha koti. Akafungua orodha ya majalada, ambayo ilikuwa faili moja ndani ya diski ya ofisi na ilifunguka kutoka mfumo wowote. Akasoma jina la kwanza. Akasoma la pili. Akasoma ukurasa mzima kwa sauti, majina ya watu na namba za mita, huku machozi yakimtiririka na yeye akiyaacha. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa mkono wake.

Flashi aliiacha nyuma ya mashine, mahali pasipoonekana, kwa kuogopa kuipoteza. Jumatatu akamwambia mwenzake wa zamu ya mchana, "Ukiwasha utaona orodha. Bonyeza mshale wa chini mara moja, kisha ingiza. Mambo mapya ya kompyuta hayo."

Mwenzake huyo alikuwa mtunza stoo, Mzee Nati. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na walinuniana kwa kupokezana. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kujua kila kiungio cha bomba kilicholala stoo, na hakuwahi kukiri kosa wala homa. Siku alipovunjika kidole alisema kidole chenyewe ndicho kilichokuwa na haraka. "Mshale wa chini," alirudia, akakunja uso, hakuuliza kitu.

Wiki ikapita kama asali. Ijumaa saa saba Mama Jalada akazima mashine, akachomoa flashi, akaenda kwa wifi. Mfumo ulihitaji kusasishwa, kwani wifi alisema mfumo ni kama mtoto, ukiacha kumchanja atakuja kuugua, na dukani ndiko kulikokuwa na mtandao. Wakaichomeka kwenye kompyuta ya duka. Wakawasha. Ukaja mfumo wa duka, kama vile hakuna flashi. Wakabonyeza kitufe, wakaielekeza kwenye flashi. Mashine ikajibu kwamba haioni cha kuwashia.

"Uliweka nini humu, wifi? Hewa?"

Kabla hajajibu, simu ikalia. Mzee Nati. "Mama Jalada, mashine imekufa. Kioo cheusi, kuna maneno mawili matatu meupe, basi. Nimebonyeza huo mshale wako mpaka umeniuma kidole."

Mama Jalada aliichomoa flashi. Alielewa yote kwa mpigo mmoja, maana alikuwa mtu wa masjala. Jalada lilikuwa hapa mkononi mwake. Kadi ilikuwa kule, kwenye droo kuu. Flashi bila mashine ya ofisi ilikuwa bubu, na mashine ya ofisi bila flashi ilikuwa na kadi inayoelekeza kwenye rafu tupu.

"Nimeiua kompyuta ya Mkuu," alisema.

"Hujaiua. Umeifunga na kuondoka na ufunguo," wifi alisema, na mara hii hakucheka. "Kimbia."

Alikimbia, na kwa mwanamke wa umbo lake na viatu vile, mtaa uligeuka kumtazama. Akaingia akihema, akapitisha mkono nyuma ya mashine kama anayeifuta vumbi, akawasha. Ikaamka. Mzee Nati alimwangalia, akaiangalia mashine.

"Umefanyaje?"

"Nimeigusa tu. Ilishtuka."

"Aa," alisema Mzee Nati, akakaa.

Tangu hapo Mama Jalada hakulala vizuri. Ile flashi ndogo ikawa haiwezi kutoka nyuma ya mashine hata dakika moja, na Mkuu alikuwa na tabia ya kuchomoa kila alichokikuta kimechomekwa, chaja, redio, pasi, akiviita vimelea. Kipimo kilitangazwa kuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Stoo ndiyo ingeanza, na hapo Mkuu angesimama nyuma ya kiti ili aione orodha ya vifaa kwa macho yake. Kisha masjala, ambapo angekaa upande wa pili wa kaunta kama mteja, akitaja namba, naye Mama Jalada angetafuta. Kwa mpango huo Mkuu asingekiona kioo chake. Siri ingepona, ilimradi mashine isimfie Mkuu mkononi.

Jumamosi wifi akaja ofisini na simu yake ya kugawa mtandao, karanga za kutafuna, na maelezo aliyoyanakili kwa kalamu nene. Kwanza wakasasisha. Vifurushi vya programu mia mbili na kumi na nne, flashi ikienda polepole, wifi akilalamika kwamba amezeeka wakisubiri. Kisha ikaja kazi yenyewe. Amri ya kwanza ilikuwa ya kuweka kiwashio kwenye flashi. Ya pili ilikuwa ya kuirudishia diski kuu kiwashio chake cha kawaida, ili ijiamshe bila kumtegemea mtu.

"Ukikosea hapa, hakuna wa kushtuka," wifi alisema.

Mama Jalada alizisoma herufi zake za njano, moja moja, kwa kidole. Akabonyeza. Hakuna lililotokea, na kwa kompyuta hiyo ndiyo habari njema. Wakazima, wakachomoa flashi, wakawasha. Wakashikana mikono bila kujua. Mfumo wa ofisi ukaja, mtulivu, na herufi zake za mtama. Wakazima, wakachomeka, wakawasha, na njano ikajaa kioo. Wifi akapiga kigelegele ndani ya idara ya maji.

Ni pale wifi alipokuwa akikusanya maganda ya karanga ndipo Mama Jalada alipofungua orodha ya faili zilizotumika karibuni. Aliyajua majalada yake. Lakini katikati yake kulikuwa na mengine: orodha ya mabomba ya nusu inchi, orodha ya koki, orodha ya nati na vishikizo. Jumatatu saa nane na dakika tano. Jumanne saa nane na dakika nne. Kila siku, mchana, ndani ya mfumo wake.

Mzee Nati hakuwahi kuubonyeza ule mshale, ila siku ile mashine ilipokufa.

Mama Jalada alikaa. Akakumbuka jinsi Mzee Nati alivyokuwa akiwaambia mafundi wamsomee lebo, eti mikono yake ina grisi. Jinsi alivyoshika hati kwa mkono ulionyooka mpaka mwisho. Jinsi alivyosema "aa" na kukaa, bila kuuliza. Huruma ilimjaa, na hasira pia, kwa sababu miaka ishirini walikaa ukuta kwa ukuta kila mmoja akificha macho yake kwa mwenzake.

"Itoe basi, uiweke kwenye mkoba," wifi alisema. "Jumatatu uichomeke zamu yako ikifika, nani atajua?"

Ulikuwa ushauri mzuri. Stoo ikiwa na herufi za mtama, Mzee Nati angehamia bohari ya nyuma. Stoo ikiwa na njano, Mkuu akiwa nyuma ya kiti, siri ya Mama Jalada ingekuwa mezani kabla zamu yake haijafika. Aliishika flashi kiganjani kwa muda mrefu. Kisha akairudisha nyuma ya mashine.

"Kaka yangu kaoa mjinga," wifi alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika kabisa.

Jumatatu Mzee Nati alivaa shati jeupe. Akakaa, akawasha, Mkuu amesimama nyuma yake na kidaftari. Mama Jalada alikuwa mlangoni pa masjala akijifanya anapanga kadi. Kioo kikawa cheusi, herufi za njano zikatoka, na mwanga wake ukaangukia shati la Mzee Nati.

"Hii ni nini?" Mkuu aliuliza taratibu. "Nani amebadilisha mipangilio?"

Masikio ya Mzee Nati yaligeuka rangi. Angeweza kunyoosha kidole tu. "Ni mimi, Mkuu," alisema. "Nilichezacheza nayo."

"Mwongo!" Mama Jalada aliisikia sauti yake kabla hajaamua. Akaja mpaka mezani, kadi bado mkononi. "Huyu hata saa ya mkononi hajui kuirekebisha. Ni mimi, Mkuu. Macho yangu yamechoka. Sisomi tena maandishi madogo, na nimekuficha, na nimemficha kila mtu. Hapo nyuma kuna flashi yangu."

Mkuu alimtazama, akatazama kioo. Na ndipo Mzee Nati, ambaye hakuwahi kukiri hata homa, akasema bila kugeuka, kwa sauti ndogo ya mtu anayevua kofia:

"Na yangu."

"Nini na yako?"

"Macho, Mkuu. Na yangu pia."

Mkuu alizunguka meza, akazima mashine, akapapasa nyuma, akaichomoa flashi. Mama Jalada alifumba macho. Mkuu akawasha. Mfumo wa ofisi ukaja, kila kitu mahali pake, nywila yake ikimsubiri. Aliingia, akakagua huku na huku kwa dakika nzima. Kisha akazima tena, akairudisha flashi, akawasha, na njano ikarudi.

"Nilisema mipangilio ya mashine isiguswe," alisema hatimaye. "Haijaguswa." Akafungua kidaftari. "Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza kompyuta, Mkuu," alisema Mama Jalada. "Macho hukuuliza."

Mkuu aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Akavuta kiti na kuketi kando ya Mzee Nati, si nyuma yake. "Koki za robo tatu zimebaki ngapi?"

Mzee Nati aliinua kidole na kufuata mstari wa njano. "Arobaini na moja," alisema. "Na moja ina ufa."

Baadaye wiki hiyo Mama Jalada alisimika flashi ya pili, na swali la kiwashio lilipofika alicheka peke yake, akachagua flashi yenyewe. Alizifungulia zote mbili kadi, kama kila kitu cha idara: moja kwa karani wa masjala, moja kwa mtunza stoo. Ile ya Mzee Nati akaitia kwenye bahasha, na kadi yake, badala ya kuipeleka droo kuu, akaitia humo humo ndani. Akaandika juu jina lake kwa kalamu nene, herufi kubwa, ili asimwombe mtu amsomee.